Woga wa Mama Taipu

Katika maisha yangu sijaona mtu mwoga kama Mama Taipu. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe wasiofungwa, aliogopa ngazi na sindano ya daktari. Aliishi Kisumu miaka mingi bila kupanda mashua hata mara moja. Ziwa alilitazama kutoka mbali, mkono kifuani, kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani. Hata miiba ya samaki aliiogopa. Kwa mtu wa kandokando ya ziwa, hilo ni jambo la kuchekesha, na sisi wapangaji wa ploti ile ya Nyamasaria tulimcheka, ingawa si mbele yake.

Jina lake halisi nililijua, lakini hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Mama Taipu kwa sababu ya mashine yake ya kupigia chapa, na sisi watu wazima tukawafuata. Watu walimjia na maneno yao yameandikwa kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi, naye akawachapia: barua za kuomba kazi, malalamiko ya shamba, ratiba za mazishi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kama alipata kuolewa, hakusema.

Nilihamia pale katikati ya miaka ya themanini, mwaka nilioolewa. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini, nami nilikuwa nikitafuta kazi ya ualimu. Chumba chetu na chake vilitenganishwa na ukuta mwembamba, kwa hiyo nilimjua kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Asubuhi mashine ilianza kulia taratibu, halafu ikashika kasi. Mtu akibisha mlango, ilinyamaza papo hapo. Nilisikia kitambaa kikitupwa juu yake, kiti kikisogezwa, na sauti yake ikiuliza mara mbili, ni nani, ni nani, hata kama aliyebisha alikuwa mtoto wa kuleta maji.

Chakula chake kilikuwa wali wa vitunguu. Jumatatu wali wa vitunguu, Alhamisi wali wa vitunguu. Nyama ya buchari aliishuku, mboga za sokoni aliziosha mpaka zikalegea, na chakula cha kupikiwa na mtu mwingine hakukigusa. Nilimwuliza siku moja kwa nini hachoki. Akaniambia kwamba katika sahani ya wali na vitunguu unaona kila kitu kilichomo, na chakula unachokiona chote hakiwezi kukuficha jambo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuupika. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikijua ugali, samaki na mboga, na wali wangu wa kwanza ukatoka kama uji. Mume wangu aliula kwa kijiko bila kusema neno, na kunyamaza kwake kukaniumiza kuliko matusi. Kesho yake Mama Taipu alikuja mlangoni kwangu na kisu mkononi na vitunguu vinne kwenye pindo la kanga, akaniambia nilete jiko nje.

Mchele alikuwa anapenda ule wa Ahero. Aliumwaga kwenye ungo, akauchambua punje kwa punje, maana aliogopa kuvunja jino kwa kijiwe. Vitunguu alivikata vyembamba kiasi kwamba uliona kisu upande wa pili. Mafuta hayakuwa mengi. Moto ulikuwa mdogo, na hapo ndipo aliponikaripia zaidi, kwa sababu nilikuwa napepea makaa. Alisema kitunguu ukikiharakisha kinaungua nje na ndani kinabaki kibichi. Tulikaa tukikoroga mpaka vikawa rangi ya chai isiyo na maziwa. Nusu akavitoa, akaviweka kwenye sahani. Kwenye nusu iliyobaki akamwaga mchele mkavu na kuugeuza mpaka punje zikaanza kutoa sauti kwenye mafuta. Ndipo akatia maji yaliyochemka, na chumvi. Wanawake wengine hupima maji kwa kidole. Yeye alikiogopea kidole chake, akapima kwa mpini wa kijiko cha mbao aliokuwa ameuchonga alama. Akafunika, akapunguza makaa, machache akayaweka juu ya kifuniko.

"Sasa usifunue," aliniambia. "Hata ukisikia nini, usifunue."

Halafu aliingia ndani akachapa. Kurasa mbili zikiisha bila kosa, wali ulikuwa tayari. Vile vitunguu vya kwenye sahani alivitawanya juu, vikiwa vimekauka na kuwa vitamu. Mume wangu alirudi jioni ile akala sahani mbili.

Tangu hapo tulikuwa tunapika pamoja siku nyingi, jiko moja, sufuria moja kubwa, na kugawana. Alinichapia pia barua ya kuomba kazi ya ualimu, nakala mbili. Moja niliipeleka shuleni na nikapata kazi. Ya pili niliitunza kwenye sanduku la nguo kwa sababu sikuwa nimewahi kuona jina langu likiwa limechapwa vizuri namna ile. Nilipokuwa nikiitazama niligundua kwamba herufi r ya mashine ile ilikaa juu kidogo kuliko wenzake, kila ilipotokea.

Kitu ambacho sikukielewa kwake ni hiki. Mjane mmoja alikuja na malalamiko kwamba shemeji zake wanamfukuza shambani. Karatasi yake ilisema anaomba, kwa unyenyekevu, afikiriwe. Mama Taipu aliisoma, akatoa miwani, akaivaa tena. Akachapa kwamba mjane anadai, tena kwa haki, na akataja shemeji mmoja baada ya mwingine. Mjane alipoondoka na barua, Mama Taipu alikuja kukaa kwangu, akiniuliza kama nadhani wale shemeji watajua nani ameichapa. Wiki nzima alikuwa anakwenda chooni na kurudi mbio. Lakini wiki iliyofuata alikuja mjane mwingine, na Mama Taipu akafanya vilevile.

Alinieleza mwenyewe, mara moja tu, kwa nini aliacha kazi ya ofisi. Alikuwa mpiga chapa wa serikali. Siku moja bosi wake alimpa orodha ya majina ya kuchapa, watu wa kawaida, walimu wawili, mtu wa duka. Aliichapa vizuri, bila kosa. Baada ya miezi akamkuta mke wa yule mtu wa duka akiuliza kila mlango wa ofisi mume wake yuko wapi. "Nilikuwa najua jina lake lina herufi ngapi," aliniambia, "na sikuweza kumjibu." Akaacha kazi mwezi huohuo, akasema macho yanamsumbua.

Miaka ile hofu ilikuwa kitu cha kila siku, kama vumbi. Mgeni akiingia hotelini mazungumzo yalihamia kwenye mpira. Mtu alisoma gazeti akiwa amelikunja. Na kulikuwa na zile karatasi. Watu walizikuta alfajiri zimetupwa sokoni au kwenye uwanja wa shule, zinasema mambo juu ya serikali ambayo hakuna aliyethubutu kuyasema. Walizikanyaga wakipita, wakitazama mbele. Kupatikana na moja mkononi kulitosha kukupoteza.

Jumamosi moja nilinunua vitunguu sokoni, na mama aliyeniuzia, ambaye nadhani hakujua kusoma, alinifungia kwa karatasi aliyoiokota. Nilifika nyumbani, nikafungua kifurushi karibu na jiko la Mama Taipu, nikaona ni nini. Nilisoma mistari mitatu. Sikumbuki ilisema nini kwa sababu macho yangu hayakuwa kwenye maneno. Yalikuwa kwenye r. Kila r ilikuwa imekaa juu ya wenzake.

Niliinua kichwa. Mama Taipu alikuwa ameshika kisu na kitunguu, ananitazama. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Niliikunja ile karatasi, nikaisukuma kwenye makaa, tukaitazama wote wawili mpaka ikawa majivu. Kisha akaniambia nikoroge vitunguu, vitashika.

Baada ya hapo nilianza kukumbuka mambo: kijana mmoja wa upande wa Maseno aliyekuja kila mara na kitabu cha nyimbo za kanisa, na mashine ikalia siku hizo muda mrefu kuliko sufuria mbili za wali. Sikumwambia mume wangu. Nilijiambia kwamba sijui chochote, na usiku nililala nikijaribu kutokujua.

Haikupita miezi miwili, mtu akaja kuniona shuleni. Alikuwa mpole, amevaa shati safi la mikono mifupi, akamwomba mwalimu mkuu nafasi ya kuzungumza nami. Tulikaa darasani kwenye madawati ya watoto, magoti yake yamepanda juu. Aliniuliza hali ya mume wangu. Alijua ofisi yake, alijua meza yake iko dirisha gani. Akasema kazi ya serikali ni nzuri, ila huhitaji mtu mwenye nyumba safi. Halafu akaniuliza kama jirani yangu amewahi kunichapia kitu.

Nimejaribu mara nyingi kujieleza. Hakunipiga, hakuinua sauti. Alikuwa akichora kwa kidole kwenye vumbi la dawati akisubiri. Nilimwambia ndiyo, nina barua yangu ya kuomba kazi. Akasema hiyo inatosha, atanipeleka kwa gari niichukue. Niliingia chumbani kwangu mchana ule, nikasikia upande wa pili wa ukuta mashine inalia, nikafungua sanduku polepole ili bawaba zisipige kelele. Nikampa. Nilijiambia kwamba nimetoa kitu changu mwenyewe, chenye jina langu, hakina siri yoyote. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi shuleni.

Walikuja Jumamosi, saa sita za mchana, wanaume wawili na gari jeupe. Mmoja alikuwa yule mpole, hakunitazama. Tulikuwa tumekwisha kufunika wali, na Mama Taipu alikuwa ndani akichapa ratiba ya mazishi ya mtu. Waliingia bila kubisha. Wakatoa mashine nje, wakatoa karatasi, na ile ratiba iliyochapwa nusu. Wapangaji wote walijifungia. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya jiko.

Alipotolewa nje alikuwa anatetemeka mwili mzima, mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Nikaona maji yanateremka miguuni mwake na kulowesha viatu. Yule mpole akageuza uso. Mama Taipu hakulia wala hakuomba. Aliangalia chini, akaiona sufuria, akaniona mimi.

"Mwalimu," alisema, meno yakigongana, "wali bado una maji. Usifunue mapema."

"Ndiyo, Mama."

Wakampakia, gari likaondoka. Mimi nikakaa pale pale. Harufu ya wali kuiva ilikuja, ikapita. Ikaja harufu ya kuungua. Sikufunua. Moshi ulianza kutoka chini ya kifuniko na mimi nimekaa tu, mpaka mama wa chumba cha mwisho akatoka, akaiepua sufuria kwa kitambaa na kunivuta ndani. Wali wote ulikuwa umekuwa makaa.

Usiku nilimweleza mume wangu. Akaniambia nisije nikamwambia mtu mwingine. Hakunilaumu. Nafikiri aliogopa kunilaumu, kwa sababu nilikuwa nimemwokolea kazi yake.

Sasa nikaanza kungoja zamu yangu. Mimi niliiona karatasi, niliichoma, nilikula sufuria moja naye. Akisema jina langu, nimekwisha. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilikuwa langu. Nilipika chakula nikasahau kukila. Na ninaomba radhi kusema ukweli huu: wiki zile sikumwogopea yeye. Nilimwogopa.

Hakuna aliyekuja. Yule kijana wa Maseno nilimwona mjini, anatembea, kitabu cha nyimbo kwapani. Karatasi zikatokea tena sokoni, zimechapwa kwa mashine nyingine. Nikaelewa kwamba mwanamke aliyeogopa ng'ombe hakuwa amesema hata jina moja.

Tulihama kabla mwezi haujaisha, tukaenda kupanga upande wa Otonglo. Mama Taipu alikaa ndani miezi minne, akaachiliwa bila kufikishwa mahakamani. Habari hizo nilizisikia, sikwenda kumwona. Mara moja nilimwona mjini, anapita kando ya barabara polepole akishikilia ukuta, amekonda. Nikaingia kwenye duka la vitambaa, nikaomba kuonyeshwa vitu nisivyovihitaji, nikasimama pale mpaka nikaona amepita. Baadaye niliambiwa amehamia kwa kaka yake, karibu na Maseno.

Miaka ikaenda. Ikaja ile ya tisini, watu wakaanza kusema kwa sauti. Vijana waliuza barabarani magazeti yaliyobeba maneno kama yale niliyoyachoma mimi. Mume wangu aliyanunua na kuyaacha wazi mezani. Mimi niliendelea kuyakunja.

Semina ya walimu ndiyo iliyonipeleka Maseno, siku tano. Siku ya kwanza nilijiambia sijui nyumba yake. Siku ya pili mwanamke aliyetupikia chai akanionyesha kwa kidole. Siku ya tatu, wakati wa mapumziko ya mchana, nilikwenda, na nilipofika kwenye ua nilitaka kurudi. Lakini alikuwa amekwisha kuniona. Alikuwa jikoni, kijumba cha udongo kisicho na mlango, amekaa kwenye kigoda. Nywele zilikuwa nyeupe. Alikuwa anakata kitunguu kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimenyooka, havikunjiki.

"Mwalimu," alisema, kama mtu aliyeniona juzi. "Njoo ukate wewe. Mimi siku hizi natoa vipande kama vya kulishia kuku."

Nilikaa, nikachukua kisu. Nilikata vitunguu vyote, naye akaniuliza habari za watoto, nikamjibu ni watatu. Akaweka mafuta, nikakoroga kwa moto mdogo. Aliniambia habari za kaka yake, za mahindi, za mbuzi anayemsumbua. Aliumwaga mchele, akatia maji, akafunika. Hapo nikaona kwamba asipokuwa na mashine hana tena la kufanya wakati wali unaiva. Alikaa tu, mikono mapajani, ananitazama.

"Mama," nilisema, "ile barua niliwapa mimi."

"Najua. Walinionyesha siku ya kwanza. Jina lako lilikuwa juu."

Nilikuwa sijafikiria hilo hata mara moja, miaka yote hiyo. Alinieleza polepole, akitazama moto. Barua ile waliiweka mezani kando ya zile karatasi, na walipomaliza kumwuliza juu ya herufi, wakaanza kumwuliza juu ya jina. Huyu mwalimu ni nani. Anakuja kwako kufanya nini. Mbona mnapika pamoja. Mtu anayetoa barua upesi hivyo, walisema, anaficha kubwa zaidi. Walimwuliza juu yangu siku mbili mfululizo. Yeye akawajibu kwamba ni msichana tu wa jirani, hajui hata kupika wali, ndiyo maana anakuja. Hilo moja, siku mbili, bila kuliongeza wala kulipunguza.

Nilimwuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa, nyathina," alisema, na lile neno la mtoto wangu kwa Kijaluo sikuwahi kulisikia kwake kabla. "Niliogopa kila saa. Waliniambia mtu mwoga kama wewe atasema tu, nami nikaona ni kweli, nitasema. Nikangoja niseme. Siku ikaisha sijasema. Kesho yake nikangoja tena."

Halafu akaniambia kwamba alinikasirikia, nisidhani hakukasirika. Miaka miwili hakutaka kulisikia jina langu. Alipoambiwa nimezaa, hakuuliza ni mtoto gani. Baadaye hasira ikamchosha, ikabaki hofu moja.

"Hofu gani, Mama?"

"Kwamba siku moja utakuja, utakaa hapo ulipokaa, na utaniambia si wewe."

Aliinuka kwa kushikilia ukuta, akaepua sufuria, akapakua sahani mbili, akatawanya vitunguu juu kwa mkono wa kushoto. Sahani yangu akaniwekea mapajani. Niliila ile sahani tonge baada ya tonge, naye akaacha yake ipoe, akinitazama mpaka nikamaliza.